Shajara ya Sanduku: keneli ndogo na swali la mjomba

Jumamosi, 11 Januari 2025

Keneli, ule moyo wa mfumo endeshi, imeamka. Saa tano usiku, ndani ya QEMU, ile programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, prosesa ya RISC-V imechapisha "Sanduku tayari" kisha ikatulia ikingoja. Mistari 1,140 ya msimbo wa lugha ya C na 92 ya asembli, lugha iliyo karibu zaidi na mashine. Imenichukua miezi minne ya usiku na Jumapili.

Kwa anayefungua shajara hii kwa mara ya kwanza: Sanduku ni mfumo endeshi mdogo wenye kazi moja tu, kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Hauna kivinjari, hauna intaneti, haupokei flashi. Chanzo chake ni jambo lililokipata kikundi cha mjomba wangu, hapa Ngamiani, Tanga. Hesabu zao zilikuwa kwenye laptopu. Mwaka juzi mtu aliomba achapishiwe kadi za harusi, akachomeka flashi yake, na kufikia asubuhi kila faili lilikuwa limefungwa, mahali pake pamewekwa barua ya kudai pesa. Wanachama ishirini na wanane. Walikaa wiki tatu wakijumlisha mihuri kwenye vijitabu vyao vya hisa, muhuri kwa muhuri, na wapo wawili ambao hadi leo wanaamini walidhulumiwa. Mmoja wao hamsemeshi mjomba.

Nilipompigia simu leo kumpa habari ya keneli, alinipongeza, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hicho chako hakitaingiliwa kamwe?"

Nikamwomba anipe muda. Kumwahidi kungekuwa uongo, na kumwambia kwamba kila kitu huingilika kungekuwa kumtupa njiani. Kuanzia leo naandika hapa hadi nipate jibu ninaloweza kulitamka mbele yake na mbele ya wanachama wake.

Jumapili, 2 Februari

Wiki hii msimbo haukuongezeka sana. Nilisoma habari za waliotangulia.

Mfumo endeshi wa Multics ulianza kujengwa Marekani mwaka 1965, na ulinzi ulikuwamo kwenye ramani tangu siku ya kwanza. Mwaka 1974 Paul Karger na Roger Schell, wakifanya kazi kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani, walitoa ripoti yao baada ya kujaribu kuupenya. Waliupenya. Nao ulikuwa miongoni mwa mifumo iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa kuliko yote ya wakati wake. Nililoliokota kwao ni hili: kama kikosi cha wapenyaji kimehangaika mwezi mzima bila kuona tundu, kinachojulikana ni kwamba kikosi hicho hakikuliona.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia kwa watu wengi waliosoma kompyuta: kwamba mwanahisabati Turing alishathibitisha mwaka 1936, na mwenzake Rice akaongeza mwaka 1953, kwamba usalama kamili hauwezekani. Hawakuthibitisha hivyo. Walichothibitisha ni kwamba haiwezi kuwapo programu moja inayopokea programu yoyote duniani na kutoa hukumu ya kweli kuhusu mwenendo wake kila mara. Hakuna ufunguo mmoja wa kufuli zote. Lakini kufuli hii moja iliyo mbele yangu inaweza kabisa kuwa na ufunguo wake. Programu fulani, ndogo, iliyoandikwa kwa nia ya kueleweka, inaweza kuthibitishwa. Ndiyo maana udogo wa Sanduku si jambo la kuonea haya. Keneli ya Linux ina mistari zaidi ya milioni 30 kwa sababu inahudumia kila kifaa cha kila mtu. Daftari la watu ishirini na wanane halihitaji hayo.

Jumapili, 16 Februari

Leo Sanduku limemwaga siri zake, na aliyeziomba ni mimi mwenyewe.

Programu ya daftari inapotaka kuandika kwenye kioo, haigusi kioo. Huiomba keneli kwa wito namba 3, ikiipa vitu viwili: anwani ya mahali maneno yalipo kwenye memori, na urefu wake. Keneli lazima ihakikishe kwamba eneo hilo ni la programu kweli, kwa kuwa memori ya programu na ya keneli zimo kwenye ramani moja ya anwani, programu chini, keneli juu. Mpaka wao nimeuita KIKOMO, nao ni 2 kwa kipeo cha 38. Ukaguzi wangu ulikuwa mstari mmoja: jumlisha anwani na urefu, jumla ikizidi KIKOMO, kataa.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu Novemba na kila mara niliuona sahihi. Leo nikaandika programu ndogo ya uhasama. Nikaipa anwani 0xFFFFFFFFFFFFF000, ambao ndio mwanzo wa ukurasa wa mwisho kabisa wa memori, juu kabisa katika eneo la keneli. Urefu nikauweka 0x2000 (0x ni alama ya namba za msingi wa kumi na sita). Prosesa hujumlisha kwa biti 64, na kinachozidi hapo hudondoka, kama mita ya gari la zamani inayofika 99999 na kurudi kwenye sifuri. Jumla ikawa 0x1000. Ni ndogo mno mbele ya KIKOMO. Keneli ikakubali.

Kioo kikajaa herufi zisizosomeka. Baiti 4,096, ukurasa mzima wa staki ya keneli, mahali inapoweka mambo yake ya muda, na katikati yake tarakimu nne za PIN ya majaribio niliyoiingiza dakika moja kabla. Zilikuwa zimekaa pale kwa sababu sikuzifuta. Baada ya hapo keneli ikavuka hadi anwani sifuri, ikakuta hapana kitu, ikaanguka.

RISC-V ina biti iitwayo SUM. Ikizimwa, keneli haiwezi kugusa memori ya programu bila kukusudia. Nilikuwa naitegemea, na hapa haikuwa na la kufanya, kwa sababu keneli ilikuwa ikisoma memori yake yenyewe, kwa haki yake yote, ila kwa kutumwa na mgeni.

Tiba ni kutoa badala ya kujumlisha: kwanza urefu usizidi KIKOMO, kisha anwani isizidi KIKOMO kilichotolewa urefu. Hapo hakuna kinachodondoka. Nimeongeza pia amri ya kuifuta PIN memorini mara tu baada ya kuilinganisha.

Najiuliza ningefanyaje kama ningeishia kuisoma tu. Niliusoma mstari ule nikiwa macho, nikiwa na kalamu mkononi, na nilikuwa nautafuta ubaya wake.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya futari na tarawehe nimepata saa nne za utulivu, nimezitumia zote kwa seL4.

Hii ndiyo keneli inayotajwa kila mtu anapouliza kama mfumo endeshi mpya unaweza kuwa salama kabisa. Mwaka 2009 Gerwin Klein na wenzake, katika taasisi ya NICTA huko Sydney, walitangaza uthibitisho wa kihisabati kwamba msimbo wake wa C unatekeleza maelezo yake bila kukengeuka, kwa hatua zote zilizokaguliwa na mashine kupitia Isabelle/HOL, programu ya kukagua hoja za kihisabati. Keneli ina mistari kama 8,700 ya C. Hoja za kuithibitisha ni takriban mistari 200,000. Nikapiga hesabu: kwa kila mstari mmoja wa msimbo, mistari zaidi ya ishirini ya kuutetea.

Namba iliyonishika zaidi ni nyingine. Kabla ya uthibitisho wa C, majaribio ya kawaida yalikuwa yamefichua kasoro 16. Uthibitisho ukafichua nyingine 144. Hawa walikuwa mabingwa wa kazi hii, msimbo wao ulikuwa mdogo, na bado majaribio yaliona sehemu ndogo tu ya yaliyokuwamo.

Jambo la pili ninalowaheshimu kwalo ni kwamba waliandika waziwazi walichokiamini bila kukithibitisha. Kompaila, ile programu inayogeuza C kuwa msimbo wa mashine. Mistari ya asembli. Msimbo wa kuwasha mashine. Vifaa vyenyewe. Baadaye, kwa baadhi ya prosesa, waliifikisha hoja hadi kwenye msimbo wa mashine na kuiondoa kompaila kwenye orodha hiyo. Orodha inafupika, haiishi. Na juu ya yote hayo, kinachothibitishwa ni kwamba msimbo unafuata maelezo. Maelezo yakisema kila mwanachama anaruhusiwa kusoma deni la mwenzake, msimbo uliothibitishwa utamruhusu, bila kosa hata moja.

Mimi sina miaka ya kuithibitisha Sanduku nzima. Nimechukua CBMC, chombo kinachojaribu kumpinga mwandishi kwa kutafuta namba zozote zinazovunja dai lake, nikaipa ule ukaguzi wangu wa zamani wa Februari. Kabla sijanyanyua kikombe cha kahawa ilikuwa imeshanirudishia mfano, wenye namba nisizozifikiria kabisa. Nikaipa ukaguzi mpya. Jibu: hakuna anwani wala urefu wowote wa biti 64 unaoupenya. Hili la leo limejibiwa kwa namba zote. Kwa kipande hiki cha mistari sita, neno "kamwe" naweza kulitumia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshuka chini ya mistari yangu sita, kwenye vifaa, na huko nimekaa siku kumi na tatu.

Januari 2018 dunia ilitangaziwa Meltdown na Spectre. Prosesa za kisasa hazingoji. Zikikuta njia panda hukisia, huendelea na kazi, na zikikosea huyafuta matokeo. Lakini hazifuti kila kitu: memori ya karibu, ile kashe, hubaki na alama ya kilichoguswa, na anayepima muda kwa makini huisoma alama hiyo. Kwa Meltdown, programu ya kawaida kwenye prosesa nyingi za Intel iliweza kusoma memori ya keneli. Keneli hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimeandika "hapa haparuhusiwi" kwenye majedwali ya kurasa za memori kama kitabu cha prosesa kilivyoagiza. Uthibitisho wowote uliojengwa juu ya kitabu hicho ulibaki sahihi, na siri zikavuja.

Rowhammer ya mwaka 2014 inanisumbua zaidi. Ukisoma safu moja ya memori tena na tena, kwa kasi, chaji ya safu jirani huyumba na biti hugeuka, bila mtu kuiandika. Fikiria 0 inayogeuka 1 katika biti ya ruhusa. Hakuna mstari wa C wa kulaumiwa.

Niliyoamua: kibao cha Sanduku kitakuwa na prosesa sahili, inayotekeleza maagizo kwa foleni bila kuyapanga upya. Inapunguza mlango wa ukisiaji, haiuzibi wote. Kikubwa zaidi, Sanduku halitapokea programu ya mgeni. Mashambulizi haya kwa kawaida humhitaji mtu aliyekwisha pata nafasi ya kuendesha msimbo wake ndani. Ulinzi wangu mkubwa si werevu, ni kukosa mlango.

Dai langu kwa hiyo limebadilika sura. Nimeanza faili jipya liitwalo MADAI. Upande wa kushoto ninachodai, upande wa kulia ninachokitegemea ili dai lisimame. Upande wa kulia ulijaa haraka.

Jumamosi, 12 Aprili

Mnakumbuka ile amri ya kuifuta PIN? Haipo.

Kwenye C ipo, naiona. Lakini jana nilifungua msimbo wa mashine uliotolewa na kompaila nikaufuata agizo kwa agizo, na pale PIN inapolinganishwa, ufutaji haupo. Kompaila iliona kwamba baada ya kufuta, hakuna anayesoma tena mahali pale, ikahitimisha kwamba kazi hiyo ni bure, ikaiondoa ili programu iende kasi. Kwa sheria za lugha ya C iko sahihi. Mimi nilitaka mahali pale pawe patupu, na lugha haina habari ya mtu anayechungulia. Nimetumia njia ya kuilazimisha, kwa kuitangaza memori hiyo kuwa *volatile*, na nimehakiki tena kwa macho: maagizo manne ya kuandika sifuri, yapo.

Hapa hapakuwa na mwovu. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alionyesha mwaka 1984 hali ilivyo mwovu akiwapo. Kompaila iliyotiwa hila inaweza kupandikiza mlango wa siri kwenye programu ya kuingilia mfumo, na pia kujipandikiza hila hiyo yenyewe kila inapojikusanya upya, huku msimbo wake unaosomeka ukiwa safi. Unaweza kuusoma wote, mwanzo hadi mwisho, usione kitu.

Na kama mtu atasema hayo ni ya darasani, akumbuke Machi 2024. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata, aliona kuingia kwa njia ya SSH, ile ya kuingilia kompyuta ya mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia. Akakuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili, uliowekwa na mtu aliyejiita Jia Tan baada ya kuwasaidia wenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelifikiria sana lile nusu sekunde. Mtu mwingine angeagiza chai akaendelea na kazi.

Nilichofanya: Sanduku halina maktaba ya nje hata moja, na sasa nalikusanya kwa kompaila mbili zisizo na undugu, GCC na Clang, kisha naendesha majaribio yale yale kwenye zote na kulinganisha majibu. Hila ikiwa kwenye moja tu, na majaribio yakaigusa, majibu yatatofautiana. Upande wa kulia wa MADAI umebaki na mstari usemao: "Naziamini kompaila hizi." Nimeacha neno hilo la kuamini makusudi.

Jumapili, 4 Mei

Leo nilihudhuria mkutano wa kikundi, barazani kwa katibu wao. Nilikwenda kuangalia watu, nikaishia kubadilisha mfumo.

Kikundi kina sanduku la chuma la fedha, lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi hadi watatu wote wafike. Fedha huhesabiwa mkekani, mbele ya macho ya wote. Mwishoni mwenyekiti hutaja salio na wanachama hulirudia kwa sauti, kila mtu aende nalo kichwani, na mkutano unaofuata huanza kwa kuulizwa: tulibakiwa na ngapi? Leo bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alijibu kabla ya katibu kufungua daftari.

Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kanuni za ulinzi wa kompyuta zinazofundishwa hadi leo, na mojawapo ni hii hii: jambo zito lihitaji funguo zaidi ya moja, mikononi mwa watu tofauti. Nilikuwa nimeisoma. Kwenye Sanduku langu nilikuwa nimeweka PIN moja, ya mweka hazina, yaani ya mjomba. Wale wawili waliomshuku mwaka juzi wangekuwa na haki ya kumshuku tena, na mfumo wangu usingekuwa na cha kumtetea.

Toleo 0.3 kwa hiyo: kufunga hesabu za mkutano kunahitaji PIN tatu za watu watatu. Hakuna amri ya kusahihisha mstari wa zamani, kosa linarekebishwa kwa mstari mpya. Kila mstari unabeba alama ya SHA-256, kama alama ya kidole ya maandishi, inayotokana na mstari huo pamoja na alama ya uliotangulia, hivyo ukigusa wa Januari, yote inayofuata inabadilika. Na alama ya mwisho itasomwa mkutanoni pamoja na salio, katibu aiandike kwenye daftari la karatasi.

Kwanza nilitaka isomwe herufi nane tu (0 hadi 9 na a hadi f). Nilipokaa kuhesabu nikaona hizo ni biti 32, majaribio kama bilioni 4.3, na laptopu ya kawaida huyamaliza kabla ya siku kuisha. Mwenye nia angetunga daftari jingine lenye alama fupi ile ile. Sasa ni tarakimu 24 za 0 hadi 9, mafungu sita ya nne nne, karibu biti 80. Nilimjaribisha katibu. Alizisoma na kuziandika kwa chini ya dakika moja bila kukosea.

Jumapili, 18 Mei

Nimempelekea mjomba jibu. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamsomea MADAI kama nilivyoandika, madai matano kushoto, na kulia tegemeo tisa. Nilimweleza kwamba kwa vile vipande vilivyokaguliwa kwa namba zote naweza kusema kamwe, alimradi yale ya kulia yasimame, na kwamba mwenye kukuahidi mfumo salama bila kukuonyesha upande wake wa kulia hajakuambia kitu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Kisha akanirudisha kwenye dai la tatu: "Hakuna mstari wa daftari unaoweza kufutwa."

"Hata nyumba ikiungua?"

Nikanyamaza.

"Hata mwenye kulala nalo akihama mji usiku?"

Nikamwambia hapana, hapo utafutika. Akasema basi hilo lililoandikwa pale si kweli, na yeye hawezi kulisoma mbele ya watu ambao tayari wana kinyongo naye. Tukakaa nalo hadi adhana ya alasiri. Yeye ndiye aliyelipata: mstari hauwezi kufutwa wala kubadilishwa *bila kujulikana kwenye mkutano unaofuata*. Nikaandika kwa kalamu juu ya lile la zamani. Kulia nimeongeza tegemeo la kumi, kwamba karatasi ya katibu haikai nyumba moja na Sanduku, na la kumi na moja, kwamba wanachama wanafika mkutanoni.

Kabla sijaondoka aliomba nimwachie nakala, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati. Anataka kwenda nayo kwa yule asiyemsemesha.

Iliyobaki wiki hii: wito namba 7 unasoma urefu wa jina kutoka memori ya programu mara mbili, mara ya kwanza kuukagua na mara ya pili kuutumia, na katikati hapo unaweza kubadilishwa. Unapaswa kusomwa mara moja tu, unakiliwe upande wa keneli, kisha ukaguliwe na kutumiwa huo ulionakiliwa. Nitaanzia hapo kesho usiku, na CBMC iuone kabla yangu.